UZI: Italia siku tisa kwa treni (Napoli, Firenze, Roma). Pa kulala, pa kula, na vitu vinavyokula hela kimyakimya

#1 Mzee wa Binario

Wakuu salaam. Maswali ya Italia humu yamekuwa mengi na majibu yanafanana: nenda Roma, piga picha Colosseo, kula piza, rudi. Mtu mwenye likizo ya siku tisa na hela ya kuhesabu haambulii kitu hapo. Huu uzi uwe wa vipimo: bei, kituo, muda, siku ya kufungwa. Mwenye kujua aongeze, mwenye kupinga apinge kwa hoja.

Naanza na msimamo utakaowaudhi baadhi yenu: siku tisa ni miji mitatu, basi. Napoli usiku 2, Firenze usiku 2, Roma usiku 4. Kila unapohama mji unachoma nusu siku, maana chumba unatakiwa kukiachia saa nne au tano asubuhi na kipya hukipati kabla ya saa nane au tisa mchana. Anayepanga miji sita kwa siku tisa anakwenda kutalii stesheni.

Mpangilio nao una maana. Ukitua Roma usilale Roma. Panda treni siku hiyohiyo uende Napoli, kisha Firenze, umalizie Roma. Sababu ni migomo. Neno lake ni *sciopero*, na kwenye usafiri wa Italia ni jambo la kawaida. Hutangazwa mapema, lakini ukiangukia siku yako ya kuruka huku uko Napoli, ndege inakuacha. Ukiwa tayari Roma, treni zikigoma teksi ipo.

Kutoka uwanja wa ndege wa Roma, Fiumicino, kuna njia tatu za maana. Leonardo Express ni euro 14, dakika 32 hadi Termini, stesheni kuu ya Roma, bila kusimama. Treni ya FL1 ni euro 8, inapita Trastevere, Ostiense na Tiburtina, lakini HAIFIKI Termini, na hapo ndipo wengi hupotea. Ya tatu ni teksi nyeupe rasmi, euro 55 kwa gari zima ikiwa unakwenda ndani ya kuta za kale za Aureliano, mizigo ikiwemo. Piga hesabu: watu wanne kwa Leonardo ni euro 56. Wanaokufuata ukumbini wakinong'ona "taksi, taksi" wapite tu, foleni rasmi iko nje.

Na kwa wanaosoma ubao wa treni mara ya kwanza: saa za kule ni za ishirini na nne. 19.35 ni saa moja na dakika 35 usiku kwa hesabu yetu. Kichekesho, lakini kimeshawaacha watu stesheni.

#2 Kobe Mwendo

Mkuu asante kwa uzi. Kila mahali wanasema nunua tiketi za treni mapema upate bei ndogo. Viza je? Ikikataliwa si hela imeenda?

#3 Mzee wa Binario

Swali zuri, kwa hiyo tuanze na viza yenyewe. Ada ya Schengen (viza moja ya nchi nyingi za Ulaya, Italia ikiwemo) ni euro 90 kwa mtu mzima, 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi chini ya 12, na chini ya 6 halipi. Maombi yanapokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na mwisho ni siku 15 kabla. Bima ya safari iwe na kinga isiyopungua euro 30,000. Pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka 10, ibaki na angalau miezi mitatu baada ya siku ya kuondoka Schengen, na kurasa mbili tupu. Kama safari ina nchi mbili, unaomba kwa ile utakayokaa siku nyingi zaidi. Hoteli weka zile za kughairi bure.

Treni sasa. Kuna aina mbili, na sheria zake zinapingana.

Treni za kasi (Frecciarossa ya Trenitalia, shirika la reli la taifa, na Italo ya kampuni binafsi) bei yake hupanda kadiri siku inavyokaribia. Roma hadi Napoli ni kama saa 1 na dakika 10, Roma hadi Firenze kama saa moja na nusu, Napoli hadi Firenze chini kidogo ya saa tatu. Tiketi ni ya treni hiyo na kiti hicho. Bei ya chini kabisa hairudishwi hela. Bei ya *Base* inabadilishika kabla ya treni kuondoka, na ukirudishiwa hela wanakata asilimia 20. Kwa hiyo: viza haijatoka, usinunue. Ikitoka, safari za katikati nunua ya chini, lakini ile ya siku ya kutua nunua Base na uache nafasi ya saa tatu toka ndege kugusa ardhi. Ndege ikichelewa na uliichukua ya chini, imekula kwako.

Treni za mkoa, *Regionale*, bei haibadiliki hata ukinunua dakika tano kabla, hivyo kuwahi hakuna faida. Mtego wake ni mwingine. Tiketi ya karatasi lazima uipige muhuri kwenye kimashine kilichopo kwenye jukwaa KABLA ya kupanda, kisha inaishi saa nne. Ya kwenye simu nayo ina hatua ya kuithibitisha kwenye programu kabla ya kupanda. Mkaguzi akikukuta na tiketi uliyoilipia lakini hukuithibitisha, faini ipo palepale, na "sikujua" ameisikia mara elfu.

Siku ya mgomo, treni za mkoa zina vipindi ambavyo lazima zitembee, siku za kazi: saa 12 hadi saa 3 asubuhi, na saa 12 hadi saa 3 usiku.

#4 Mama Chapati

Niingie kwenye kulala, maana wengi wanachagua kwa picha.

Roma: familia nendeni mtaa wa Prati. Mitaa imenyooka, majengo mengi yana lifti, Vatikani ni kwa miguu, na metro A ipo Ottaviano na Lepanto. Wenye bajeti ndogo Esquilino, ila sogeeni upande wa Piazza Vittorio badala ya kuganda ubavuni mwa stesheni kwenye Via Giolitti, usiku pamepooza. San Giovanni pametulia na kuna metro A na C. Trastevere kila mtu anaisifu na ni pazuri kweli, lakini hakuna metro, mnategemea tramu namba 8, na makelele ya baa yanakwenda hadi usiku wa manane. Ni pa kwenda kula, si pa kulala.

Firenze ni ndogo. Ukipata chumba ndani ya dakika 15 kwa miguu kutoka stesheni ya Santa Maria Novella, basi la mji hulihitaji. Mimi kura yangu ni ng'ambo ya mto Arno, karibu na Santo Spirito.

Napoli, kulala Piazza Garibaldi mbele ya stesheni ni rahisi kwa mizigo lakini kelele hazina mfano. Afadhali karibu na vituo vya metro Dante au Toledo. Wanaotaka utulivu wapande Vomero, kuna reli ya kupandisha mlima.

Sasa mitego ya chumba:

Ghorofa. *Piano terra* ndiyo ya chini, *primo piano* ni ya kwanza kwa kupanda. "Terzo piano" kwenye jengo la karne zilizopita, dari za mita nne, ni ngazi kama za ghorofa ya tano kwetu. Tafuta neno *ascensore* kwenye maelezo. Lisipokuwepo, lifti hakuna. Usidhani wamesahau kuandika.

Kodi ya mji. Haimo kwenye bei unayoiona mtandaoni. Roma ni euro 4 hadi 10 kwa kila mtu kwa kila usiku kulingana na nyota, mwisho usiku 10, watoto chini ya miaka 10 hawalipi. Hoteli ya nyota tatu ni 6, kwa hiyo wawili usiku nne ni euro 48 zinazodaiwa pale mapokezi. Wekeni pembeni.

Nyumba za kupangisha. Tangu Januari 2025 kila nyumba ya wageni lazima iwe na namba ya taifa, CIN, na ionekane kwenye tangazo. Tangazo halina CIN, achana nalo. Mwenye nyumba akidai pasipoti msishtuke, sheria inamtaka aripoti wageni polisi ndani ya saa 24.

Halafu kuna kitu wengi hawakijui: nyumba za masista. Roma zimejaa, vyumba safi, bei ya chini, mara nyingi na kifungua kinywa. Si lazima uwe Mkatoliki. Ila malango mengi hufungwa kama saa tano usiku, na hakuna wa kukufungulia ukichelewa.

#5 Fundi Saa

Mama Chapati umeua. Naongeza moja: Agosti. Tarehe 15 ni Ferragosto, sikukuu ya taifa, na wiki zinazoizunguka migahawa mingi ya kifamilia inafunga, wenyewe wako baharini. Joto nalo ni la kupika yai. Aprili mwishoni hadi Juni mwanzoni, au Septemba katikati hadi Oktoba, ndiyo miezi.

#6 Kobe Mwendo

Chakula? Na kwa asiyekula nguruwe wala pombe, Roma anaponaje?

#7 Bint Kizimkazi

Anapona vizuri sana, ila ajue nguruwe anajificha wapi, maana hayupo kwenye jina la chakula.

Tambi nne za Roma: *carbonara*, *amatriciana* na *gricia* zote zina *guanciale*, shavu la nguruwe lililokaushwa kwa chumvi. Ya nne, *cacio e pepe*, ni jibini ya kondoo na pilipili manga tu. Hiyo ndiyo yako. *Ragù*, sosi ya nyama, mara nyingi ni ng'ombe na nguruwe wamechanganywa. Napoli, piza ya kukaanga ya kienyeji huwekwa *cicoli*, masalia ya mafuta ya nguruwe, na *taralli* za pilipili hukandwa kwa mafuta hayohayo, *sugna*. Hata *sfogliatella*, ile keki ya matabaka, mara nyingi ina *strutto*, ambayo ni mafuta ya nguruwe kwa jina jingine.

Pombe: keki ya *babà* imelowekwa ramu, hilo halina mjadala. Tiramisu baadhi huweka mvinyo wa Marsala, uliza. Tambi za chaza na wali wa *risotto* kwa kawaida hupikwa na mvinyo mweupe. *Panna cotta*, kitindamlo cha krimu, hugandishwa kwa jelatini, na mara nyingi ni ya nguruwe.

Sentensi mbili zinatosha: "C'è maiale?" (kuna nguruwe?) na "Senza vino, per favore" (bila mvinyo tafadhali). Watoto wa Malindi na Watamu hizi wanazo kwenye ncha ya ulimi tangu utotoni, sisi wengine tuandike kwenye simu.

Salama karibu popote: piza *marinara* (nyanya, kitunguu saumu, oregano, mafuta ya zeituni, haina hata jibini) na mbogamboga za msimu. Nyama halali Roma ipo mitaa ya Esquilino na Torpignattara. Soko la Nuovo Mercato Esquilino, karibu na Piazza Vittorio, lina mabucha ya halali, na humohumo utakuta bamia, muhogo, ndizi za kupika na viazi vitamu. Chumba chenye jiko, soko hilo linakuokoa. Jumapili limefungwa. Msikiti Mkuu wa Roma, uliofunguliwa 1995, uko kaskazini ya mji, treni ya kuelekea Viterbo, shuka Campi Sportivi.

#8 Dereva wa Ikweta

Carbonara nzuri ni ile yenye krimu nyingi lakini, tusidanganyane.

#9 Bint Kizimkazi

Ndugu yangu, krimu Roma haimo. Ni mayai, *pecorino*, guanciale, pilipili manga. Ulaini unatoka kwenye yai linalochanganywa nje ya moto na maji kidogo ya kuchemshia tambi. Mgahawa wenye picha za vyakula mlangoni na mtu wa kukuvuta mkono ndio wenye krimu.

#10 Mama Chapati

Kwenye bili sasa. *Coperto* ni malipo ya kukaa mezani, euro 1 hadi 3 kwa kichwa, si wizi, huandikwa kwenye menyu. Mkoa wa Lazio, yaani Roma, ulishaipiga marufuku, kwa hiyo huko utaona wameandika *pane*, mkate. Mkate hukuutaka, sema mapema uondolewe. Bakshishi si lazima.

Kahawa: kwa kusimama kaunta ni kama euro 1.20 hadi 1.50. Ukikaa mezani kwenye uwanja maarufu, bei inaweza kuzidi mara mbili au tatu kwa kikombe kilekile. Baa yenye watu wengi unalipa kwanza kwa keshia, kisha unapeleka risiti kaunta.

Piza ya Roma ya vipande, *al taglio*, inauzwa kwa uzito. Bei iliyoandikwa inaweza kuwa ya *etto* moja, gramu 100, wala si ya kipande. Onyesha kwa mkono ukubwa unaotaka kabla mkasi haujashuka.

Maji msinunue Roma. Mabomba ya barabarani, *nasoni*, yako zaidi ya elfu mbili, maji baridi, safi, bure. Ziba tundu la chini kwa kidole, maji yanaruka juu kupitia kitundu cha mgongoni.

Migahawa hufungua mchana kama saa 6 na nusu hadi saa 8 na nusu, halafu jioni kuanzia saa 1 na nusu usiku. Ukitafuta wali saa kumi jioni utakula mkate.

Firenze, ile nyama maarufu ya *bistecca* inauzwa kwa kilo, na kipande kimoja mara nyingi kinazidi kilo. Bei ya menyu ni ya kilo au ya gramu 100, hiyo ndiyo inayowatoa watu jasho bili ikija. Inaletwa mbichi ndani. Ukitaka iive kabisa, agiza kitu kingine. Wenye akili wanakwenda kwenye vigari vya *lampredotto*: tumbo la nne la ng'ombe, limechemshwa na mboga, limekatwakatwa ndani ya mkate, sosi ya kijani na pilipili juu. Ukisema *bagnato*, mkate wa juu unachovywa kwenye supu. Mlaji wa supu ya utumbo hahitaji maelezo zaidi.

#11 Dereva wa Ikweta

Sawa, krimu nimeiacha. Pompei, ule mji wa kale uliofukiwa na volkano, nielekezeni, kuna vituo viwili au vitatu vyenye jina hilo.

#12 Fundi Saa

Vipo, na kosa ni hilohilo kila siku. Kutoka Napoli, shuka chini Piazza Garibaldi, panda Circumvesuviana, treni ya kienyeji, ya kuelekea SORRENTO, ushuke Pompei Scavi – Villa dei Misteri. Dakika 35 hadi 40. Lango la kuingilia lipo hatua chache tu. Ukipanda ile ya Poggiomarino utashushwa upande wa mji mpya, uanze kutembea. Treni ni kuukuu, haina nafasi ya mizigo, hujaa, na wezi wa mifukoni wanaipenda. Mkoba mbele.

Tangu Novemba 2024 wanaingia watu 20,000 tu kwa siku, na tiketi ina jina, kwa hiyo pasipoti iwe nawe. Begi linalozidi sentimita 30 × 30 × 15 haliingii. Vaa viatu vyenye soli ngumu, mawe ya barabara zile yamepinda tangu kabla ya mwaka 79 mlima ulipolipuka. Kivuli ni kidogo, mabomba ya maji yapo. Saa tatu ni kiwango cha chini.

Aliyechoka au mwenye watoto, ashuke Ercolano Scavi, magofu mengine ya mlipuko uleule, kwenye njia hiyohiyo, chini ya nusu saa toka Napoli. Ni padogo, lakini ghorofa za juu na mbao zilizogeuka makaa bado zimesimama, jambo ambalo Pompei ni nadra. Binafsi naiona bora kuliko Pompei, na najua nitapigwa mawe.

Picha za vijiwe (mosaiki) na sanamu zilizotolewa huko ziko Makumbusho ya Akiolojia ya Napoli. Hufungwa Jumanne.

#13 Kobe Mwendo

Colosseo na Vatikani, tiketi pale mlangoni si zipo?

#14 Mzee wa Binario

Usijaribu. Colosseo ni euro 18, zinauzwa mtandaoni kwenye tovuti rasmi siku 30 kabla, zina saa maalumu ya kuingia na jina lako. Jaza jina kama lilivyo kwenye pasipoti, sio lile la mtaani. Tiketi hiyohiyo inaingiza Foro Romano na Palatino, magofu ya jirani, ndani ya saa 24.

Makumbusho ya Vatikani ni euro 20, na 5 ya kuweka nafasi mtandaoni. Jumapili hufungwa, isipokuwa Jumapili ya mwisho wa mwezi ambapo ni bure asubuhi, na foleni inazunguka ukuta. Basilika ya Mt. Petro kuingia ni bure, ila mabega na magoti yafunikwe, mwanamume kwa mwanamke. Khanga moja kwenye mkoba inamaliza habari hiyo. Kupanda kuba ni ngazi 551, na ukitumia lifti zinabaki 320.

Pantheon, hekalu la kale, ni euro 5. Galleria Borghese, jumba la sanaa la Roma, haiingiliki bila kuweka nafasi, unapewa saa mbili, Jumatatu imefungwa. Firenze, majumba ya sanaa ya Uffizi na Accademia (yenye sanamu ya Daudi) yote Jumatatu yamefungwa. Kuba la Brunelleschi, la kanisa kuu la Firenze, ni ngazi 463, hakuna lifti, nafasi huwekwa siku kadhaa kabla.

Metro na mabasi ya Roma: tiketi ya euro 1.50, dakika 100, metro mara moja tu ndani yake. Kadi ya benki ya kugusa inakubaliwa, kila mtu kadi yake. Basi 64 la Termini hadi Vatikani linajulikana kwa wezi kuliko kwa abiria. Kwenye mashine ya pesa, ikikuuliza ikutoze kwa shilingi au kwa euro, chagua euro. Ukichagua shilingi unakubali kiwango chao.

#15 Dereva wa Ikweta

Venezia umeifukuza hivihivi tu? Na kukodi gari je?

#16 Mzee wa Binario

Venezia ukiiendea kwa siku moja unapata msongamano tu, uzuri wake uko alfajiri na usiku. Tiketi moja ya boti za mji ni euro 9.50 kwa dakika 75. Gondola bei rasmi ni euro 90 kwa dakika 30 mchana, 110 baada ya saa moja usiku, kwa chombo kizima. Siku maalumu za Aprili hadi Julai anayeingia bila kulala analipa euro 5, au 10 akichelewa kuweka nafasi. Ukienda, shuka Santa Lucia, sio Mestre, ambayo iko bara.

Gari kwa safari hii ni mzigo. Katikati ya miji kuna ZTL, eneo la magari yenye kibali, na kamera hazilali. Faini hukufuata nyumbani miezi baadaye, na kampuni ya gari inakukata ada juu yake kwa kutoa jina lako. Mwenye leseni yetu anatakiwa pia kuwa na kibali cha kimataifa cha udereva.

#17 Kobe Mwendo

Swali la mwisho mkuu. Kwa hizo siku za kufungwa, mtu atue siku gani?

#18 Mzee wa Binario

Jumatano. Angalia: Jumatano jioni uko Napoli. Alhamisi Pompei. Ijumaa asubuhi makumbusho ya Napoli, mchana treni ya Firenze. Jumamosi kuba asubuhi, Uffizi alasiri. Jumapili treni ya asubuhi kwenda Roma, na Via dei Fori Imperiali siku hiyo haina magari, unaitembea yote. Jumatatu Colosseo, haifungi. Jumanne Vatikani, USIIWEKE Jumatano kwa sababu asubuhi Papa ana hadhara uwanjani na basilika haifunguliwi hadi mchana. Jumatano Borghese na soko la Esquilino. Alhamisi Fiumicino.

Ukitua Jumamosi ukafuata mpango uleule, Jumatatu asubuhi makumbusho ya Napoli yako wazi, Jumanne unaikuta Firenze salama, na Jumapili ya pili, siku yako ya tisa, unaondoka. Inawezekana, ila Vatikani inaangukia Ijumaa, na Jumapili ya Via dei Fori Imperiali unaikosa. Jumatatu kama siku ya kutua ndiyo mbaya zaidi: Jumapili inaidondokea siku ya Vatikani, na Jumatatu ya pili siku ya Borghese, zote zimefungwa.